Friji Zima

Mwaka ule vitu vya stima vilianza kufa kimoja baada ya kingine nyumbani kwa mama yangu Lodwar, na mimi nilikuwa nimerudi kukaa naye kwa muda. "Kwa muda" ndivyo nilivyosema kila niliporudi. Niliacha shule darasa la saba nikapanda lori la mbao, na tangu siku hiyo nimepakia mbuzi Lokori, nimeanika samaki Kalokol, nimelinda mahema ya watu waliokuja kupima barabara. Nikisikia kuna mahali sijafika, miguu inawasha. Mama yeye alikaa. Alimfuata baba kutoka upande wa Kitale, baba akiwa dereva wa serikali, na baba alipofariki ndugu walidhani mjane atafunga mizigo arudi kwao. Akawaambia mwili wake umeshazoea joto, huko kwao baridi itamuua.

Pasi ndiyo iliyotangulia. Ilitoa harufu ya nywele zilizoungua, basi. Ikafuata birika la stima, halafu feni, halafu televisheni ambayo ilibaki na sauti bila picha, na baadaye ikanyamaza kabisa. Stima ya Lodwar hukatika hivi hivi, na ikirudi inarudi kwa nguvu kama mtu aliyeudhiwa. Majirani walisema ni hiyo. Wengine walisema nyumba ina mtu asiyeonekana. Kila kilichokufa nilikiweka juu ya mkeka, nikatafuta bisibisi, nikakifungua. Sikuwa na tamaa ya kukitengeneza. Nilitaka kuona ndani.

Mama alivuta kiti akakaa karibu. "Ndani kuna nini?"

"Chokaa. Imeganda ukutani mwa birika, nyeupe, nene kama ukoko wa ugali."

"Ni maji ya kisima cha hapa. Na feni?"

"Nyigu wamejenga nyumba ya udongo kwenye mota."

"Wapangaji," akasema. "Hawakulipa hata kodi."

Kwenye televisheni nilikuta mjusi, amekauka, miguu imeshika waya mbili. Nilimweleza alivyokaa. Akataka kujua kama mkia upo. Nilimwambia upo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za msiba wa mbali, na mimi nikaurudisha mfuniko mjusi wangu akiwa humo humo. Siku hizo ndivyo nilivyokuwa. Kitu kinakufa, nakitazama, nakifunga. Sikukasirika, sikuhuzunika. Watu wa duka la jirani waliniambia pole na nilishangaa kidogo wananipa pole ya nini.

Nilimweleza mama kwa sababu yeye hangeweza kuona. Mama ana macho mawili, ukimtazama hutajua, lakini la kulia lilizimika zamani bila kuuma, kwa ugonjwa ambao watu huuita presha ya macho. Ugonjwa huo hula pembeni kwanza. Unaendelea kumwona mtu aliye mbele yako, kumbe dunia ya ubavuni imekwisha liwa. Alipogundua la kulia limekwenda, la kushoto lilikuwa limeanza. Hilo la kushoto ndilo alilokuwa amebaki nalo, na lililoliweka wazi ni tone moja la dawa kila jioni. Chupa zenyewe ni ndogo, kama kidole gumba, na zinataka baridi. Zililetwa kwa basi kutoka Kitale, zikapita Kainuk zikiwa ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu, za miezi kadhaa kwa mpigo, kwa sababu Lodwar hazikupatikana kila wakati. Kwa hiyo vitu vingine vyote vilipokufa nyumba ilikuwa bado ni nyumba. Mama alikuwa akisema hivyo waziwazi: "Pasi iende. Televisheni iende. Friji ikae."

Friji nayo ikaacha kugandisha.

Ilinguruma mchana kutwa bila kutoa baridi. Nilihamisha chupa kwenye friji ya soda ya mama mwenye duka, ng'ambo ya barabara. Huyu mama ni Mturkana, mwenye maneno machache na mkono mwepesi wa kusaidia. Kiswahili chake anakiongea kama anavyopanga bidhaa, kitu kwanza, halafu kazi. Mlango funga. Sukari toa. Mtoto shika. Nilipoingia na chupa zangu alinisalimu ejok, yaani iko sawa, nikamjibu ejok, akazisukuma nyuma ya soda akasema, "Dawa ficha. Watu wataona pombe."

Kila jioni nilivuka barabara kuichukua ile iliyofunguliwa na kuirudisha. Mama hakuweza kuvuka mwenyewe. Bodaboda za pale hutokea ubavuni, na ubavuni ndiko asikoona. Nikajua kwamba siku nikiondoka, tone litakosekana. Yeye pia alijua, ila hatukulisema.

Mafundi wawili wa Lodwar waliigonga friji mgongoni wakasema ni gesi, wakaondoka kwenda kutafuta gesi. Mtu wa lori akaniambia kuna Mkongomani sokoni ndani ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma ambaye friji humtii. Nikaifunga friji wima kwenye pikapu, nikaishikilia njia nzima kama mtu anayemsindikiza mgonjwa, na nilipofika nilikuta banda la mabati lenye friji nyingi zilizotolewa milango, zimesimama midomo wazi.

Fundi alikuwa mtu mfupi, suruali imepigwa pasi, mstari umesimama. Aliweka sikio kwenye friji yetu kama daktari.

"Mota iko muzima," akasema. "Gaz njo imetoroka. Kuna katobo fulani huku nyuma, bomba limesuguana na ukuta wenu. Nitaziba, nitajaza, itakuwa muzima."

Mama mmoja wa Sudan Kusini alikuwa amekaa juu ya ndoo akisubiri friza yake, ile anayouzia barafu na juisi watu wakitoka kanisani. Alicheka mpaka ndoo ikalia.

"Muzima, muzima! Fundi, hii friji ni mtu? Jana friza yangu ilikuwa muzima, leo redio ya kasisi ni muzima. Kesho utaniambia sufuria imeamka muzima."

"Sasa niseme aje, mama?"

"Sema vile Wakenya wanasema. Zima. Hiyo mu yako toa, rudisha Kongo."

"Hata Wakenya si wote wanasema hivyo," nikaingilia. Nakumbuka mwalimu alitaka tuseme nzima, lakini hapo mwalimu sikumtaja.

"Nyinyi Wakenya mnacheka mtu, halafu hata nyinyi hamjui," akasema fundi. "Basi. Zima. Friza yako iko zima, mama. Umefurahi?"

"Nitafurahi nikiona barafu."

Nilikaa pale siku nzima ingawa hakukuwa na haja. Nilitaka kuona anavyounganisha bomba la shaba kwa moto, anavyolipima kwa povu la sabuni, na kwa nini friji ikilala njiani lazima isimame kwanza ndipo iwashwe. Alinieleza kila kitu bila kuchoka. Nilimpenda. Alisema gesi ya aina yetu imemwishia, inakuja na gari la Eldoret, nami nirudi nyumbani, ataituma friji na lori likipatikana. Simu ya mama yangu haikufaa kwa kuwa hasomi kioo, nami nikatoa namba ya mama mwenye duka.

Niliporudi Lodwar, mtu wa Kalokol akanipigia. Samaki wamejaa, wapakiaji hawatoshi. Nilimwambia mama sitaenda.

"Nenda," akasema. "Umezunguka hiyo meza tangu asubuhi. Utatoboa simiti."

"Na dawa?"

"Friji inakuja. Mpaka ije, mama wa duka atanivusha."

Nikaenda. Kalokol mtandao unashikika ukipanda mahali fulani palipoinuka nyuma ya mabanda ya samaki, na mimi nilipanda jioni mojamoja. Mara ya kwanza nilipompata mama, friji ilikuwa imekwisha fika.

"Inafanya kazi?"

"Hii sasa imepona," akasema. "Ile ya zamani ilikuwa inakoroma kama marehemu baba yako. Hii haina kelele kabisa."

Nilifurahi kiasi cha kufurahi nilichokuwa nacho. Fundi alikuwa ameniambia ikishapona itapunguza sauti. Niliwaeleza hata wenzangu tuliokuwa tukifunga mafungu ya samaki kwamba Kakuma kuna mtu anayeweza kunyamazisha friji. Kazi ya Kalokol ilipokwisha nilipata nyingine ya kwenda na mashine ya kuchimba kisima, na ile ilipokwisha ukawa umepita muda ambao sikuuhesabu. Kila nilipopiga simu, friji ilikuwa haina kelele.

Nilirudi na kapu la ngege wabichi niliowafunga kwenye majani na gunia lenye maji. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Aliniambia karibu akitazama kidogo pembeni yangu. Nilipita moja kwa moja mpaka kwenye friji niweke samaki.

Nilipofungua, hewa iliyotoka ilikuwa ya moto. Nyumba yetu ni ya mabati, mchana inawaka, na ndani ya friji kulikuwa kumewaka kuliko nje. Chupa zilikuwa zimepangwa mlangoni vizuri, zote, pamoja na ile iliyofunguliwa. Nilishika moja. Ilikuwa na joto la yai lililotoka chini ya kuku. Nikatazama ukutani. Plagi ilikuwa imechomekwa, swichi imezimwa.

Nilisimama na samaki mkononi. Nilijua maana ya ninachokiona na nilingoja kitu kinipande kifuani, hasira au hofu, nikaona hakiji. Maji ya gunia yalikuwa yakidondoka sakafuni.

"Mama, nani alizima friji?"

"Imezimwa?" Aligeuza uso kuelekea friji. "Mama wa duka aliiwasha, akazileta dawa akazipanga, kesho yake akaja akaishughulikia. Sikumuuliza. Nilidhani ndivyo fundi alivyosema."

"Na dawa haikuwa baridi."

"Zamani tone likiingia, jicho lilikuwa linashtuka. Siku hizi halishtuki. Nikajua ni hiyo friji mpya, ni ya upole."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungerudi," akasema.

Nikavuka barabara. Mama mwenye duka alikuwa akipanga mikate. Nilimuuliza, naye hakubabaika hata kidogo. Alitoa simu kutoka kifuani akanipa nisome mwenyewe. Friji ilipofika aliiacha isimame mpaka siku ya pili, akaiwasha, ikanguruma, akaona amtumie fundi ujumbe: *Fundi friji imefika nimewasha inalia kidogo.* Chini yake kulikuwa na jibu la fundi: *Frigo zima mama. Mungu akubariki.*

Nilisoma mara ya pili. Nilianza kwa sauti ya fundi, nikaisikia inavyosema kwamba friji haina tatizo. Halafu nikaisoma kwa sauti yake yeye aliyesimama mbele yangu, mlango funga, sukari toa.

"Fundi alisema zima," akasema. "Mimi nikazima. Dawa niliacha ndani, nilijua ni siku moja. Nilingoja aseme washa. Hakusema. Mimi nani wa kuwasha kitu fundi amezima?"

"Alikuwa anasema friji ni nzima. Iko sawa."

"Iko sawa?"

"Iko sawa. Ejok."

Akaichukua simu akaitazama kwa muda. "Sasa kwa nini hakusema ejok?" akauliza, na hakuwa anafanya mzaha.

Tulimpigia fundi hapo hapo, simu juu ya mikate, sauti imefunguliwa. Kwanza alicheka. "Muzima, mama! Nilisema iko muzima! Si mlinicheka, mkaniambia nitoe mu?" Aliendelea kucheka peke yake. Nilipomweleza kilichokuwa ndani ya friji, kicheko kilikatika. Tulisikia nyundo ya mtu mwingine ikigonga bati huko Kakuma. "Yesu," akasema. "Ya mama? Ya macho?" Mama mwenye duka alisogeza mkate mmoja ukae sawa na mwingine, kisha akausogeza tena. Aliniuliza kama yule mama ataona. Nilimwambia sijui. Akafunga duka jua likiwa bado juu, akavuka, akakaa chini karibu na kiti cha mama yangu. Mama yangu ndiye aliyempa pole.

Kwenye kliniki ya macho, muuguzi alizipokea zile chupa akaziweka pembeni, kama mtu anayeondoa sahani chafu. Alisema hizo si dawa tena, ni maji ya moto. Alipima presha ya jicho la kushoto, akapima tena, akaandika kwa Kiingereza. Mama aliuliza kimeandikwa nini.

"Imepanda, mama."

"Ikishuka, nitaona kama zamani?"

Muuguzi alikuwa kijana, lakini hakumzunguka. "Tukiishusha, tunalinda kilichobaki. Kilichoondoka hakirudi."

"Kimeondoka kiasi gani?"

Mashine ya kupima hilo, akasema, ilikuwa imeharibika na fundi wake hutoka Nairobi. Mama akacheka, kicheko cha puani. "Hata nyinyi," akasema. Muuguzi akanifundisha njia ya mikono. Nimkalishe mama anitazame puani, nifunike jicho lake la kulia, nilete kidole polepole kutoka ubavuni, naye aseme kinapotokea. Nifanye hivyo mara kwa mara, nijue mpaka uko wapi. Alinionyesha. Kidole chake kilisafiri njia ndefu kabla mama hajasema naona. Kilifika karibu na shavu.

Tangu siku hiyo nilikuwa naye kila jioni. Dawa mpya ilikuja kutoka Kitale, na friji ikawa inanguruma, na mama akalalamika kidogo juu ya kelele, na mimi nikawa nazisikia zile kelele hata nikiwa nje. Nilimtia tone, likamshtua, tukakaa mlangoni kwenye mwanga, nikaleta kidole. Kidole kilitoka upande wa barabara na upande wa ukuta, kutoka juu na kutoka chini. Mpaka ulikuwa pale pale karibu na shavu, siku zikapita, nikaanza kuamini kwamba umesimama.

Ndipo watu wa mbuzi wakanitumia habari kwamba lori linaondoka asubuhi kwenda Lokori na kupitiliza, upande ambao sijawahi kufika. Mama alisikia nikiongea na dereva.

"Huko kuna nini?" akauliza.

"Wanasema kuna mawe meusi, yamemwagika kama mkaa, na kisima cha maji ya moto."

"Nenda ukaone. Utanieleza." Akakaa kwenye kiti chake na kugeuza uso kwangu. "Nipime kwanza."

Nilifunika jicho la kulia. Nilileta kidole kutoka upande wa barabara.

"Naona," akasema.

Kilikuwa mbali, nyuma ya sikio. Nilifurahi, halafu nikafikiri. Nikakirudisha, nikaanza upya kutoka upande wa ukuta.

"Naona."

Upande wa juu akasema naona, upande wa chini akasema naona, kila mara mapema, kwa sauti ya mwanafunzi anayejua jibu. Alikuwa ananitazama puani kama alivyofundishwa, hakupepesa. Mara ya mwisho sikuinua mkono. Niliuacha umelala gotini, nikavuta pumzi tu, kama mtu anayejiandaa.

"Naona," akasema mama.

Niliondoa kiganja changu kwenye jicho lake la kulia. Nilimwambia ni vizuri. Alitabasamu akavuta leso akajifuta chozi la dawa. Nilitoka nje, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikampigia dereva nikamwambia waende bila mimi. Aliuliza kama niko mgonjwa. Nilisema hapana. Akasema basi mtu mwingine atapanda, nikasema sawa.

Niliporudi, alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Mnaondoka saa ngapi?"

"Hatuondoki. Lori limeharibika."

"Nini?"

"Giaboksi."

Alifikiri kidogo. Alikuwa mke wa dereva. "Hiyo itachukua muda," akasema, akageuka na kuingia ndani akiupapasa ukuta.